Kumuenzi Miss Lou kwa Kughani: Mashairi Yaliyotungwa kwa Ajili ya Sauti

Louise Bennett-Coverley, ambaye Jamaika nzima ilimwita Miss Lou, alifariki jijini Toronto tarehe 26 Julai 2006 akiwa na umri wa miaka 86. Mwili wake ulirudishwa Kingston, wananchi wakapewa nafasi ya kumuaga, na tarehe 9 Agosti akazikwa kwa heshima za kitaifa katika Bustani ya Mashujaa. Tangu hapo mashairi yake yameendelea kughaniwa shuleni, katika kumbi za makanisa, kwenye mashindano ya sanaa ya kitaifa na katika mikusanyiko ya Wajamaika waishio Kanada, Uingereza na Marekani. Ukiliangalia kwa haraka, jambo hili halina utata wowote: mshairi ametangulia, na wanaompenda wanasimama jukwaani kumkumbuka. Utata huanza pale mghani anaposhika kitabu, akaanza kujiandaa na kujikuta hana budi kuamua anaghani kwa sauti ya nani, kwa kasi gani, kwa matamshi yapi, na kama kazi yake ni kumfufua marehemu au kulifufua shairi. Mambo hayo mawili hayafanani, na katika hafla nyingi za kumbukumbu huchanganywa.

Ili kuelewa kwa nini hayafanani, ni lazima kwanza ieleweke Miss Lou alikuwa mshairi wa namna gani. Alizaliwa Kingston tarehe 7 Septemba 1919, mtoto wa mwoka mikate na fundi cherehani, na baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alikulia katika nyumba ambayo wateja wa mama yake waliingia na kutoka wakizungumza habari za mtaa, za soko na za bei ya vitu, kwa Patwa, yaani krioli ya Jamaika, lugha ambayo karibu kila mtu aliizungumza na ambayo shule iliikataza. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyoanza. Akiwa msichana alipanda tramu, akaelekea nyuma walikokuwa wameketi wanawake wa sokoni na vikapu vyao. Mmoja wao, alipomwona binti aliyevaa vizuri akitafuta nafasi, akamwambia mwenzake ajitandaze ili binti huyo asipate pa kukaa. Louise alirudi nyumbani akaandika shairi lake la kwanza kwa Patwa, na katika shairi hilo aliyesema hakuwa yeye. Alisema yule mwanamke wa kwenye tramu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Sehemu kubwa ya mashairi ya Miss Lou ni maneno ya mtu fulani anayemwambia mtu fulani jambo fulani: mama anayemlalamikia mwanawe, jirani anayemletea habari Miss Mattie, mtu aliyeudhika anayembana Mas Charlie. Yako karibu zaidi na tamthilia kuliko na shairi la mtu anayetafakari peke yake dirishani. Wala hili halikutokea kwa bahati, kwa sababu mwandishi wake alikuwa mwigizaji aliyefunzwa kazi yake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1942, na mwaka uliofuata gazeti la Gleaner lilianza kuchapisha mashairi yake. Mwaka 1945 alikwenda London kusoma katika chuo cha maigizo cha RADA kwa ufadhili wa British Council, na akiwa huko akaendesha kipindi katika redio ya BBC. Aliporudi Jamaika alitumia miaka mingi katika maigizo ya Krismasi ya Little Theatre Movement pamoja na Ranny Williams, kisha redioni, kisha katika televisheni, ambako kipindi chake cha watoto, Ring Ding, kilirushwa kila Jumamosi asubuhi kuanzia mwaka 1970 hadi 1982. Mtu wa namna hiyo anapoandika ubeti, anaandika akijua mwigizaji atapumua wapi na hadhira itacheka wapi. Karatasi inabeba nusu ya kazi. Nusu nyingine imeachiwa mdomo.

Lakini uwezo wake huo wa jukwaani ndio uliotumiwa kumnyima jina la mshairi. Alipohojiwa na Dennis Scott mwaka 1968, alieleza kwamba Poetry League of Jamaica, chama cha washairi wa kisiwa hicho, haikuwahi kumwalika kwenye mikutano yake. Mkusanyo wa fasihi uliotolewa kuadhimisha uhuru wa 1962 haukumpanga pamoja na washairi. Ilimpasa Mervyn Morris, mshairi na mhadhiri, kuandika katika miaka ya 1960 makala ambayo kichwa chake chenyewe kilidai kwamba Louise Bennett asomwe kwa uzito, kwa maana watu wengi ambao yeye Morris aliheshimu maoni yao walimchukulia kama kichekesho cha nyumbani, kizuri, chenye uchangamfu, lakini kichekesho tu. Ninaamini kila anayepanda jukwaani kumuenzi Miss Lou angepaswa kuijua historia hiyo, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kumghani ni kumfanya achekeshe na kuishia hapo. Mghani anayefanya hivyo, hata akishangiliwa na ukumbi mzima, amerudia hukumu ile ile ambayo marehemu aliishi nayo kwa miongo mitatu.

Tutazame sasa kazi yenyewe kwa karibu, tukianza na mapigo. Beti zake nyingi zina mishororo minne, na vina huangukia mshororo wa pili na wa nne. Ni umbo lile lile la balladi za Kiingereza na la nyimbo nyingi za kanisani ambazo watoto wa shule wa enzi zake walizijua kwa moyo. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea mizani inayohesabiwa kwa silabi, itambidi abadili sikio kidogo, kwa kuwa hapa kinachohesabiwa ni mkazo: mikazo minne katika mshororo wa kwanza na wa tatu, mitatu katika wa pili na wa nne, huku silabi zisizo na mkazo zikiruhusiwa kuongezeka na kupungua katikati. Umbo hili lina nguvu na lina mtego. Nguvu yake ni kwamba linakaririka upesi, ndiyo maana mtoto wa miaka minane huweza kulishika. Mtego wake ni kwamba pigo likiachiwa litawale, shairi zima hugeuka kuwa mdundo mmoja usiobadilika, vina vikagongwa kama msumari, na yule mwanamke anayezungumza akatoweka. Ukisikiliza rekodi za Miss Lou mwenyewe unasikia jambo tofauti: sentensi inavuka mwisho wa mshororo bila kusimama, maneno madogo yanakimbizwa kama mtu mwenye habari motomoto anavyokimbiza, kisha panakuja kimya kifupi mahali ambapo kwenye karatasi hakuna hata koma. Pigo lipo daima, lakini liko chini ya mazungumzo. Mghani mzuri hujifunza kwanza kulisema shairi kama mazungumzo ya kawaida, bila kujali vina kabisa, na vina hujitokeza vyenyewe baadaye.

Jambo la pili ni nani anayesema, na hapa nitachukua mfano wa shairi lililoghaniwa mara nyingi mno nje ya Jamaika, «Colonisation in Reverse». Msemaji anampa Miss Mattie habari ya furaha: Wajamaika kwa mamia na kwa maelfu wanapanda meli kwenda Uingereza, na wanakwenda kuitawala nchi iliyowatawala. Msingi wake ni uhamaji mkubwa uliofuata kufika kwa meli ya Empire Windrush bandarini Tilbury tarehe 22 Juni 1948. Hadhira hucheka kuanzia ubeti wa kwanza, na ni haki yake kucheka. Lakini katikati ya shairi anatajwa Jane, ambaye badala ya kutafuta kazi anakaa akisoma hadithi za mapenzi huku akipokea posho ya wasio na ajira. Mghani aseme beti hizo vipi mbele ya Waingereza weusi, hasa baada ya mwaka 2018, ilipofichuka kwamba watu wa kizazi kile cha Windrush, walioingia kihalali na kufanya kazi maisha yao yote, walikuwa wamezuiliwa, wamenyimwa huduma na wengine kufukuzwa nchini? Akizisema kwa dhihaka nyepesi, anaweza kuwapa wabaguzi silaha. Akiziruka, amelikata shairi la mtu mwingine.

Njia ya kutoka, kwa maoni yangu, imo ndani ya shairi lenyewe: msemaji si Louise Bennett, ni jirani mwenye ulimi, anayewafurahia wenzake waliosafiri na papo hapo kuwasengenya kidogo, kama majirani wafanyavyo duniani kote. Akisimamishwa jukwaani kama mtu kamili, mwenye wivu wake na fahari yake, habari ya Jane inasikika kuwa usengenyaji wake yeye, haigeuki kuwa hukumu juu ya kabila zima la watu. Kisha beti za mwisho, zinazojiuliza jinsi Uingereza iliyostahimili vita itakavyostahimili kutawaliwa kwa kinyume, zinahitaji kusemwa bila tabasamu. Nimesikia waghani wakizimaliza beti hizo kwa kicheko kikubwa, na kila mara nilihisi kwamba swali lenyewe limepotea.

Ugumu huo huo umo katika «Back to Africa», shairi ambalo msemaji wake anambana Miss Mattie anayetaka kurudi Afrika, akimuuliza kuhusu babu na bibi zake waliotoka kila upande wa dunia. Leo watu wengi, ndani na nje ya Jamaika, hulisikia kama kejeli dhidi ya Warasta na dhidi ya mapenzi kwa bara la mababu. Hata hivyo Miss Lou ndiye huyo huyo aliyezikusanya na kuzitunza hadithi za Anansi, buibui mjanja, zilizovuka bahari kutoka kwa Waashanti wa Afrika Magharibi, na aliyetetea urithi wa Kiafrika katika usemi wa Wajamaika. Mghani hawezi kuutatua mgongano huu kwa kuchagua upande mmoja. Anachoweza kufanya ni kumpa Miss Mattie uzito, yaani kuzungumza naye kama mtu mwenye hoja anayestahili kujibiwa, ingawa katika shairi hapewi hata neno moja la kusema.

Kuna pia swali la matamshi, ambalo wageni hulidhania kuwa dogo. Mashairi haya yalichapishwa kwa tahajia iliyoazimwa kutoka Kiingereza na kukunjwa ili ifanane na Patwa. Tahajia ya kitaalamu iliyobuniwa na Frederic Cassidy, ambayo baadaye ilichukuliwa na Kitengo cha Lugha ya Kijamaika katika Chuo Kikuu cha West Indies, haikutumika. Kwa hiyo maandishi yanadokeza sauti tu, na mtu asiyeijua lugha huishia kusoma Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Mfano bora wa hasara hiyo ni «Bans a Killin», shairi analojibiwa Mas Charlie, aliyeapa kuiua lugha ya watu. Msemaji anamwambia kwamba kama ni hivyo, basi na awaue pia Wayorkshire, Waskoti na Waairishi kwa lahaja zao, na akifika kwenye vitabu amfute Chaucer, Burns na sehemu kubwa ya Shakespeare. Ubeti wa mwisho unamtahadharisha awe mwangalifu na herufi h anaposoma vitabu vyake vya Kiingereza, kwani akiiangusha moja tu itambidi ajiue mwenyewe. Wajamaika wengi huiangusha h mahali inapostahili na kuiweka mahali isipostahili, na Mas Charlie hana namna ya kukwepa hilo. Hoja hii yote iko masikioni. Mghani mwenye matamshi ya darasani, anayezitamka h zote kwa usahihi tangu mwanzo, amemnyang'anya msemaji silaha yake. Anayezitamka kama msemaji angezitamka, bila kuzitilia chumvi, huufikia mwisho akiwa ameshashinda.

Kamau Brathwaite wa Barbados, aliyefariki mwaka 2020, alilipa jambo hili nadharia yake katika mhadhara alioutoa mwaka 1979 kuhusu historia ya sauti, pale aliposema kwamba kimbunga hakingurumi kwa mapigo ya pentamita, yaani mshororo wa mikazo mitano uliozoeleka katika ushairi wa Kiingereza. Alichomaanisha ni kwamba lugha ya watu wa Karibi ina mdundo wake, uliotokana na mahali pao na safari yao, na kwamba mdundo huo ni sehemu ya maana. Aliongeza kwamba ushairi wa namna hii hukamilika pale penye wasikilizaji wanaoitikia. Kwa nadharia hiyo, kughani mbele ya watu ni sehemu ya kuwapo kwa shairi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kitabu ndicho urithi halisi na jukwaa ni sherehe tu. Kwa Miss Lou, kitabu kisichopata mdomo kimefungwa hata kikiwa wazi.

Lakini je, mdomo huo umwige yeye? Rekodi zipo, na sauti yake, kicheko chake na namna alivyojaza jukwaa ni vitu ambavyo Mjamaika wa rika fulani huvitambua kwa sekunde chache. Hatari ya rekodi inaonekana wazi zaidi kwa mshairi mwingine wa kisiwa hicho, Michael Smith, maarufu kama Mikey Smith, aliyesoma katika shule ya maigizo ya Jamaika na kuuawa mwaka 1983 akiwa na miaka 28. Kitabu chake kilihaririwa na Mervyn Morris na kutoka mwaka 1986, baada ya kifo chake, na ilimlazimu mhariri kusikiliza sauti ili aamue mshororo uishie wapi. Kwa hali hiyo rekodi ndiyo iliyotangulia maandishi. Mghani wa «Mi Cyaan Believe It» hujikuta karibu amelazimika kuuvuta mlio ule ule mrefu ambao Smith aliuvuta, kwa sababu mlio huo ndio shairi. Miss Lou hayuko hivyo. Yeye aliandika kwanza, akachapisha gazetini ili mashairi yasomwe na kukaririwa na watu asiowajua, na kwa miaka kumi na miwili akawaita watoto mbele ya kamera waonyeshe vipaji vyao kwa sauti zao wenyewe. Mtu aliyefanya hivyo alitaka warithi, na mrithi si kwamba anaruhusiwa tu kuwa na sauti yake, anadaiwa kuwa nayo.

Hoja hiyo inahusu mavazi pia. Vazi la kitambaa cha bandana chenye mirabaraba na kilemba chake, ambalo leo ni alama ya taifa, lilikuwa vazi la wanawake wa mashambani na sokoni. Miss Lou alilipandisha jukwaani wakati ambapo watu wenye elimu yake walilikwepa, na kulivaa kulikuwa kauli. Msichana anayelivaa leo katika mashindano yanayosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Utamaduni ya Jamaika hatoi kauli ile ile. Anavaa sare ya heshima. Sioni ubaya wowote katika sare hiyo, na ninaelewa kwa nini hadhira hupiga makofi hata kabla hajafungua kinywa. Ila makofi hayo ni ya Miss Lou, na mghani bado hajaanza kazi yake.

Nje ya Jamaika mambo hubadilika tena. Miss Lou aliishi Toronto kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika kituo cha sanaa cha Harbourfront jijini humo kimetengwa chumba chenye jina lake kwa ajili ya watoto. Wengi wa watoto wanaofika mahali kama hapo wanaisikia Patwa kwa bibi zao tu. Kwao kughani ni kujifunza lugha ya nyumbani kwa mara ya kwanza, na makosa ya matamshi hayana budi kupokewa kwa subira ambayo mwigizaji wa kulipwa hastahili kupewa. Asiye Mjamaika naye anaweza kughani, mradi awe amefunzwa na mwenye lugha na asitegemee tahajia pekee. Asiyeweza kupata mwalimu wa namna hiyo afadhali alisome shairi kwa sauti yake ya kawaida, bila kuigiza lafudhi, kuliko kuwavunjia heshima wenye lugha.

Hatimaye kuna upande wa sheria, ambao vikundi vingi huukumbuka tiketi zikiwa zimeshauzwa. Mashairi haya bado yana wenyewe. Sheria ya Jamaika, tangu marekebisho ya mwaka 2015, hulinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 95 baada ya kifo chake, maana yake kazi za Miss Lou zitalindwa nchini mwake hadi mwisho wa mwaka 2101. Kanada ilihama kutoka miaka 50 hadi 70 mwishoni mwa mwaka 2022, kwa hiyo huko ulinzi unafika 2076. Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50, yaani hadi mwisho wa 2056. Kinachoangaliwa ni nchi ambako onyesho linafanyika. Ruhusa ya kughani mbele ya watu haimaanishi ruhusa ya kurekodi, na ruhusa ya kurekodi haimaanishi ruhusa ya kuweka video kwenye intaneti. Kila moja huombwa kwa wasimamizi wa mirathi au kwa mchapishaji, na ruhusa ya kufupisha shairi huombwa peke yake. Ombi litaje toleo linalotumika, kwa kuwa mkusanyo wa 1966 uliohaririwa na Rex Nettleford na ule wa 1982 uliohaririwa na Morris ni matoleo tofauti, na mghani anayekariri kutoka katika moja huku mwalimu wake akimsahihisha kwa kufuata jingine watapoteza mazoezi mengi kabla ya kugundua chanzo.